Kobe wetu anahema kwa mdomo na hataki kula chochote: je, taa ya vifaranga inatosha?

SWALI

Mpendwa Daktari,

Pokea salamu zangu kutoka hapa Uthiru. Nimekuandikia kuhusu kobe aliyeachwa na marehemu baba mkwe wangu, ambaye sasa yuko mikononi mwangu na ambaye naona anadhoofika kila kukicha.

Baba mkwe alimfuga kobe huyu huko Makueni kwa miaka mingi, hata mume wangu anamkumbuka tangu alipokuwa shule ya msingi. Ni kobe wa rangi ya manjano yenye mabaka meusi, gamba lake lina urefu wa karibu sentimita 40, na watoto wamempa jina la Hodari. Mzee alipofariki mwanzoni mwa mwaka huu nyumba ya Makueni ilifungwa, na mwezi wa Aprili tukamleta Nairobi. Mchana huwa katika ua mdogo nyuma ya nyumba, uliozungukwa na ukuta mrefu wa mawe, na usiku hulala katika kibanda cha zamani cha mbwa chenye sakafu ya saruji na paa la mabati.

Mwezi wa Mei alikuwa akila vizuri na kutembea ua mzima. Baridi ya Juni ilipoingia alianza kujikunyata pembeni, na sasa ni zaidi ya wiki mbili hajaonja hata jani. Puani hutoka kamasi jepesi, na asubuhi huona mapovu madogo yakivimba kwenye tundu moja la pua kila anapotoa pumzi, kisha yanapasuka. Tangu juzi ananyoosha shingo mbele, anaachama mdomo, halafu anavuta hewa kwa mluzi mwembamba. Macho yake yamevimba kidogo na muda mwingi huyafumba.

Mume wangu alimfungia taa nyekundu ya vifaranga, ile ya wati 250, aliyoitoa katika brooda ya dada yake. Inaning'inia kwa waya wake wa umeme, kama shubiri moja kutoka mgongoni mwa kobe. Tunaiwasha asubuhi na kuizima jioni, kwa sababu tokeni za stima zinakwisha upesi na pia kwa sababu tunaogopa moto tukiwa tumelala. Hivi karibuni nimeona kilele cha gamba kimekauka na kuwa na weupe ambao hakuwa nao zamani.

Kila mtu ana shauri lake. Jirani anasema tumwache, kwamba kobe hulala wakati wa baridi na ataamka mwenyewe jua likirudi. Mama mkwe amenisihi nimwekee jiko la makaa ndani ya kibanda. Muuzaji wa duka la agroveti alisema ni minyoo imepanda mapafuni, akaniuzia chupa ya ivamektini ya ng'ombe pamoja na sindano ya kuua viini, akanionyesha kipimo cha kumchoma. Chupa bado haijafunguliwa. Nimeona heri nikuulize kwanza: nimpe dawa hizo? Na taa hii inatosha, au ndiyo inayomdhuru? Mzee alimpenda sana kobe huyu, na nisingependa afie kwangu.

Mlezi wa Hodari, Uthiru

JIBU

Dada yangu,

Pole sana kwa kufiwa na baba mkwe, na asante kwa kunieleza hali ya Hodari kwa makini kiasi hiki. Lisiloweza kusubiri nitalitaja kwanza: kobe anayenyoosha shingo na kuachama mdomo ili apate hewa ni mgonjwa mahututi, na anapaswa kuonwa na daktari wa mifugo leo hii, au kesho asubuhi na mapema endapo unayasoma haya usiku. Kama dalili ingekuwa kamasi peke yake, ningekushauri umpe joto na kumwangalia kwa siku chache. Kuhema kwa mdomo hakungoji.

Uko karibu na msaada, na hilo linanipa matumaini. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kitivo cha tiba ya mifugo katika kampasi yake ya Upper Kabete, na kliniki ya wanyama wadogo iliyopo huko si mbali na Uthiru. Ukipendelea daktari wa kibinafsi, mpigie simu kabla hujatoka nyumbani umuulize kama amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya na kama amewahi kutibu kobe. Swali hilo la pili si utovu wa adabu. Wapo madaktari wengi waliobobea katika ng'ombe, mbwa na kuku ambao hawajapata nafasi ya kumtibu mnyama mwenye gamba, na aliye mwaminifu atakuelekeza kwa mwenzake bila kinyongo. Msafirishe katika katoni imara iliyotandikwa taulo, ukimwekea pembeni chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri kwa kitambaa, na katoni hiyo ikae nawe ndani ya gari, si kwenye buti. Mtu yeyote asimgeuze chali ili kumtazama tumboni: mapafu ya kobe yako juu, chini kabisa ya gamba la mgongo, kwa hiyo akilazwa chali matumbo yote huyaelemea, naye tayari hana pumzi ya kutosha.

Sasa ile chupa. Ivamektini usimpe hata tone. Ni dawa yenye manufaa makubwa kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, lakini kwa kobe ni sumu: humpooza viungo, na kupooza kukifika kwenye misuli ya kupumulia hufa. Hakuna kipimo kidogo kilicho salama kwake, na hakuna dawa nyumbani ya kuiondoa ikishaingia mwilini. Nalisema hili kwa uzito wote nilio nao, kwa sababu maduka ya agroveti yametusaidia sana wafugaji wa nchi hii na wauzaji wengi hutoa ushauri kwa nia njema, lakini aliyezoea kumpimia ndama kwa kilo za uzito wake hana msingi wowote wa kumpimia kobe. Ikiwa Hodari ana minyoo, daktari ataitambua kwa kupima kinyesi chini ya hadubini, na zipo dawa nyingine za minyoo ambazo kobe huzivumilia.

Sindano ya kuua viini nayo iache. Yawezekana kabisa kwamba Hodari ana homa ya mapafu na kwamba atahitaji viuavijasumu, lakini aina, kiasi na nafasi kati ya sindano moja na nyingine si kama za ng'ombe. Kobe huitumia dawa polepole sana, hata baadhi ya dawa hizo huchomwa mara moja tu kwa siku tatu. Isitoshe, sindano za kobe huchomwa upande wa mbele wa mwili, kwa kawaida kwenye misuli ya miguu ya mbele, kwa maana damu itokayo miguu ya nyuma inaweza kupitia kwenye figo kabla ya kuzunguka mwilini, na dawa ikapungua nguvu au ikaziumiza figo zenyewe. Daktari akipendekeza picha ya eksirei, kubali ikiwa uwezo unaruhusu. Picha inayopigwa kutoka mbele huonyesha pafu la kulia na la kushoto kila moja peke yake, na hapo ndipo hujulikana kama ugonjwa umekomea puani au umeteremka chini.

Nikirudi kwenye taa, ambayo naona ndiyo kiini cha barua yako, sharti kwanza tuelewane kuhusu kazi ya joto kwa mnyama huyu. Sisi tukiugua, mwili wenyewe hupandisha joto ili kupambana na maradhi. Kobe hana uwezo huo. Joto la mwili wake ni lile analolipata mahali alipo, na kila kitu ndani yake hutegemea joto hilo: chembe za damu zinazopigana na viini, tumbo linalosaga majani, figo, hata kasi ya dawa kusambaa mwilini. Akipoa, vyote hivyo hupunguza mwendo kwa pamoja, ilhali viini vya maradhi vinaendelea na shughuli zao. Ongeza kwamba kobe hana kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu yetu, na hawezi kukohoa. Makohozi yakishajikusanya mapafuni hana namna ya kuyasukuma nje, isipokuwa kwa kusogeza miguu na shingo, na kobe aliyepoa hasogei. Ndiyo sababu huwaambia wafugaji kwamba joto ni nusu ya matibabu. Sindano anayodungwa kobe anayerudi kulala kwenye saruji baridi haifanyi kazi iliyokusudiwa, hata kama dawa yenyewe ni sahihi.

Jirani yako hakubuni jambo la kulala wakati wa baridi. Wapo kobe wanaolala miezi kadhaa bila kula, lakini hao wengi ni wa nchi kama zile za kando ya bahari ya Mediterania na za Asia ya kati, ambako majira ya baridi ni marefu na makali. Hodari, kwa maelezo yako, ni kobe wa savana wa Afrika, ambaye wanasayansi humwita Stigmochelys pardalis, na jamii yake hailali usingizi huo. Akikaa kimya kwa wiki mbili bila kula ujue amepoa au ni mgonjwa, na huyu wako yuko katika hali zote mbili.

Huenda mtu akakuuliza mbona kobe wa aina hii wanaishi katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, tena bila taa wala kibanda, na wanaupita mwezi wa Julai salama. Ni kweli wapo. Lakini kobe wa mbugani huchagua mwenyewe. Wingu likifunguka saa sita mchana hutoka kwenye uwanda wazi akaota jua bila kizuizi, na jioni hujichimbia ndani ya kichaka kilichojaa majani makavu, mahali ambapo upepo haumfikii. Hodari wako aliletwa kutoka Makueni, kwenye joto alilolizoea kwa miaka mingi, akawekwa zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, katika ua ambao ukuta wake unazuia hata lile jua dogo la Julai, na usiku joto linapoteremka hadi nyuzi 12 au chini ya hapo analala juu ya saruji. Saruji huvuta joto tumboni mwake usiku kucha. Mnyama mwenye afya angeweza kuvumilia kwa muda, ila si mgonjwa.

Kwa hiyo taa ya mume wako imewekwa kwa wazo jema, lakini inawaka wakati ambapo hitaji ni dogo na kuzimwa wakati ambapo hitaji ni kubwa. Tena iko karibu mno. Weupe na ukavu ulioutaja kwenye kilele cha gamba nadhani ni dalili ya kuungua, na umwonyeshe daktari. Watu hudhani gamba ni kama kofia ngumu isiyo na uhai, kumbe ni mfupa ulio hai, wenye mishipa ya damu na neva, uliofunikwa kwa tabaka jembamba la kitu kilekile kilichotengeneza kucha zetu. Taa moja kali iliyo karibu hukiunguza kilele cha gamba huku miguu na tumbo vikibaki baridi, na kadiri kobe alivyo mkubwa ndivyo tofauti hiyo inavyozidi. Kobe wa ukubwa wa Hodari anahitaji joto lililotandaa linalomfunika mwili mzima, si nukta moja ya moto mgongoni. Na waya wa umeme haukuumbwa kubeba uzito wa taa: ukikatika, taa ya wati 250 itaangukia nyasi kavu, na hofu yenu ya moto ina msingi kabisa.

Usiku huu mwingizeni ndani ya nyumba, katika stoo au chumba kidogo kisicho na upepo, na funikeni sakafu kwa ubao au katoni kadhaa zilizopangwa juu ya nyingine. Taa hiyohiyo inaweza kusaidia kwa muda iwapo fundi ataifunga kwenye kishikio cha kauri, si cha plastiki, akaitundika kwa mnyororo wa chuma walau nusu mita juu ya gamba, na mtu akawa macho chumbani. Nunueni kipimajoto leo, hata kile cha bei nafuu. Kiwekeni kwenye kimo cha mgongo wa kobe, mahali anapolala, kwa sababu kipimajoto kilichopigiliwa ukutani kwenye kimo cha macho yako kinakueleza habari za hewa ya juu na si za kobe. Kwa mgonjwa kama huyu ningependa kuona nyuzi 27 hadi 30 mchana, sehemu moja ya kuotea yenye nyuzi 33 hivi, na usiku pasishuke chini ya nyuzi 24. Upande mmoja wa chumba uachwe na ubaridi kidogo ili aweze kuondoka kwenye joto akichoka.

Baada ya hapo mjengeeni sanduku la kulalia. Fundi wa mbao atalitengeneza kwa plaiwudi, urefu wa mita moja na robo, upana wa karibu mita moja na kimo cha sentimita 60 au 70, likiwa na mfuniko unaofunguka kutoka juu. Kuta na sakafu ziwe na tabaka mbili za plaiwudi, na katikati ya tabaka hizo ijazwe lile povu jeupe gumu linalofungiwa televisheni kwenye katoni. Hakikisheni povu limefunikwa kila mahali, maana kobe hulitafuna, na likikwama tumboni huziba utumbo. Ndani tandikeni nyasi kavu zisizo na ukungu. Maranda ya mbao msitumie, kwa kuwa vumbi lake litazidi kumsumbua kobe ambaye mapafu yake tayari yanaumwa.

Chanzo cha joto ninachokipendekeza ni balbu ya kauri isiyotoa mwanga. Hutoa joto usiku bila kumnyima mnyama giza, na ni heri kufunga mbili ndogo za wati 75 au 100 sambamba juu ya mahali anapolala kuliko moja kubwa, ili joto limfunike kuanzia mabegani hadi nyuma. Zizungushiwe kikapu cha waya ili asiziguse. Balbu za aina hii huwa na joto la kuyeyusha plastiki, kwa hiyo lile sharti la kishikio cha kauri na mnyororo linabaki palepale. Blanketi za umeme na mikeka ya joto inayowekwa chini nakusihi uziepuke, kwa kuwa kobe hajui kuukimbia moto ulio chini ya tumbo lake jinsi anavyojua kulikimbia jua kali, na nimeona matumbo yaliyoungua vibaya.

Kifaa kitakachokupa usingizi ni kidhibiti joto. Wanaouza mashine za kuangulia vifaranga huwa nacho, na katika maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue hakikosekani. Kina waya mwembamba wenye kihisio mwishoni: kihisio kikae kwenye kimo cha gamba, uweke nyuzi 26 usiku, mchana uzipandishe zifike zile 27 hadi 30, na kifaa kitawasha na kuzima balbu chenyewe. Hapo hoja ya tokeni inageuka. Taa ya sasa ya wati 250, ikiwaka saa 12, inakula yuniti 3 kwa siku. Balbu mbili za wati 75 kila moja, zikiwa zinafanya kazi nusu ya saa 24 ndani ya sanduku lisilopitisha joto, zitakula yuniti 1.8, na Hodari atakuwa na joto usiku na mchana. Kama sanduku litabaki nje katika upepo, hesabu hiyo haitasimama, ndiyo maana nataka likae ndani ya nyumba. Stima ikipotea, jazeni maji ya moto katika mitungi miwili ya lita tano, izungushieni taulo nene, ipangeni kando ya ukuta wa sanduku na mfunge mfuniko, mkiacha tundu la hewa. Sanduku likiwa limejengwa vizuri mtapata saa kadhaa.

Mweleze mama mkwe kwa heshima kwamba jiko la makaa halifai kabisa, ndani ya kibanda au ndani ya chumba. Makaa yanapowaka mahali pasipo na hewa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu, na kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia zilizolala na jiko zisiamke. Kobe mwenye mapafu mabovu atakuwa wa kwanza kudhurika, lakini watoto wako wamelala chumba cha pili.

Jua lenyewe bado linahitajika, na hakuna balbu ya joto inayolibadili. Miale ya urujuanimno iliyomo kwenye jua humsaidia kobe kutengeneza vitamini D, na bila hiyo kalsiamu aliyoila haifiki kwenye mifupa na gamba. Hapa kwetu karibu na ikweta jua la dakika chache lina nguvu nyingi, hivyo siku ambayo wingu linafunguka na ua una joto, mtoeni saa sita au saba mchana, pawe na kivuli anachoweza kukifikia kwa miguu yake, na mrudisheni mapema kabla hajapoa. Kumweka nyuma ya kioo cha dirisha humpa joto tu, maana kioo huizuia miale hiyo.

Chakula usimlazimishe sasa. Najua inakuuma kumwona hajala, na ninaelewa kishawishi cha kumfungua mdomo na kumsukumia jani. Tumbo lililopoa halisagi, na chakula kilichoingizwa humo kwa nguvu huchacha, kikamwongezea gesi chini ya mapafu. Kinachomfaa zaidi ni maji. Daktari akishamwona na kuruhusu, mwogeshe kila siku katika karai lenye maji ya vuguvugu, ambayo ukitumbukiza kiwiko hutahisi moto wala baridi, yakifika tu pale gamba la juu linapoungana na la chini, ili kichwa kikae juu bila taabu. Dakika 15 au 20 zinatosha, huku ukiwa kando yake muda wote. Utamwona akiteremsha kidevu na koo likicheza: hapo anakunywa. Mara nyingi atajisaidia humohumo, na ukiona mkojo wenye uji mweupe mwepesi usitishike, bali ukiwa mzito kama chokaa umweleze daktari. Mkaushe kabisa kwa taulo, hasa kwenye mikunjo ya miguu, kabla ya kumrudisha kwenye joto.

Siku atakapoanza kugeuza kichwa kufuata mkono wako, mpe majani laini: ua la haibiskasi, vipande vya mpungate uliokwanguliwa miiba, nyasi mbichi, sukuma wiki kidogo. Spinachi isiwe chakula cha kila siku, kwa kuwa ina asidi inayoishika kalsiamu. Afya ikirudi, nyasi na magugu ya shambani ndiyo yawe sehemu kubwa ya mlo wake, yasiwe yamepuliziwa dawa. Watoto wasimpe mkate, ugali wala maziwa, hata wakimhurumia vipi, na kila anayemshika au kuosha karai lake anawe mikono kwa sabuni, kwa sababu kobe hubeba salmonela bila kuonyesha dalili yoyote. Karai hilo liwe lake peke yake.

Mpime uzito kabla ya kumpeleka kwa daktari, kisha kila wiki baada ya hapo, kwenye mizani ileile. Kobe anayeendelea kupungua ingawa amerudi kula anatakiwa kurudishwa kliniki. Viuavijasumu vikianza, endelea hadi mwisho wa siku ulizoandikiwa hata kama pua imekauka mapema, maana kamasi hukoma kabla ya mapafu kupona. Joto nalo usilipunguze kwa haraka. Baridi yetu hudumu hadi Agosti, na hata Septemba ikifika, mwache aendelee kulala ndani ya sanduku lake, ukishusha usiku kwa nyuzi moja moja hadi 18, mradi anakula, anatembea na anapumua akiwa amefunga mdomo.

Kuna jambo moja ambalo barua yako haikuligusa. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kobe huyu ni mnyamapori, na kumfuga kunahitaji kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kama marehemu alikuwa nacho, kiliandikwa kwa jina lake na kwa makao ya Makueni, na vyote viwili vimebadilika. Hodari akishatulia, mume wako aende makao makuu ya shirika hilo kwenye barabara ya Lang'ata, achukue karatasi za mzee zozote mtakazozipata pamoja na barua ya daktari anayemtibu, awaeleze ukweli ulivyo na kuomba mwongozo. Matibabu ya leo yasisubiri safari hiyo.